Ndugu wanataka kumfungia mume wangu chumbani mpaka pombe imtoke

BARUA

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Moshi. Mume wangu ana miaka 45, ni fundi magari na gereji ni yake mwenyewe. Nimeona nikuandikie mapema kwa sababu Desemba inakaribia na ndugu wameshapanga lao.

Mume wangu anakunywa. Zamani zilikuwa bia za mwisho wa wiki, na mbege tukipanda nyumbani Kibosho. Miaka ya karibuni ni pombe kali kila siku, zile chupa ndogo za mililita 200. Anamaliza mbili kwa siku. Hela ikipungua anaenda kutafuta gongo. Mwenyewe anasema hanywi sana, ni chupa mbili ndogo tu, na hajawahi kulala mtaroni. Na ni kweli dada, hapigi mtu, hayumbi barabarani, kazi anafanya. Ila asubuhi mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Lazima kwanza apate ya kutoa loki ndipo atulie aweze kushika spana.

Kwaresima iliyopita aliamua kuacha kabisa. Siku ya kwanza alitoka jasho shuka zikalowa, usiku kucha hakulala. Siku ya pili jioni akaanguka jikoni, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa kisha ukaanza kurukaruka, povu likamtoka. Hajawahi kuwa na kifafa. Mama mkwe akasema ni mkono wa mtu. Jirani akasema apewe pombe kidogo. Akapewa, baada ya muda akatulia. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za kuacha. Anasema akiacha atakufa.

Siku hizi macho yake yana umanjano, miguu inavimba jioni mpaka alama ya soksi inabaki, na ugali anakula matonge mawili anasema ameshiba. Kila asubuhi anameza panadol kwa ajili ya kichwa na diklofenaki kwa ajili ya mgongo.

Sasa mashemeji zangu wamekubaliana kwamba Krismasi tukikutana Kibosho wamfungie chumba cha nyuma wiki nzima, wamlinde kwa zamu, apewe maji na mtori tu, mpaka pombe yote imtoke mwilini. Wanasema kuna mtu wa Uru alifanyiwa hivyo akapona. Wifi yangu naye ameniletea unga wa kuchanganya kwenye chai bila yeye kujua, eti ataichukia pombe mwenyewe. Nimeuficha kabatini. Baba mkwe anasema tatizo ni pombe za dukani, arudi kwenye mbege ambayo wazee wameinywa na wamezeeka nayo.

Nikubali afungiwe? Unga niutumie? Na jambo la mwisho naliuliza kwa aibu. Mimi nakunywa bia mbili za Jumamosi, na tukikutana kwenye kikoba tunakunywa wine, tuliambiwa inasaidia moyo. Na mimi najiumiza?

Mama wa Watatu, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Usikubali afungiwe. Nalisema hili kwanza, ili hata kama hutasoma mengine, hili uwe nalo. Mtu aliyeanguka degedege siku ya pili baada ya kuacha pombe, akiachishwa tena ghafla bila daktari, anaweza kufa ndani ya chumba hicho huku ndugu zake wakiwa mlangoni wanamwombea. Mashemeji zako wanampenda, naliona hilo kwenye barua yako. Lakini walichopanga ni hatari kuliko chupa mbili atakazokunywa kesho.

Kilichompata Kwaresima hakikuwa mkono wa mtu, na hakikuwa kifafa. Pombe hutuliza ubongo, hupunguza kasi yake. Mtu akiinywa kila siku kwa miaka, ubongo haukubali kulala. Unajiongezea nguvu ili ufanye kazi hivyo hivyo huku umekandamizwa. Mwambie mumeo kwa lugha ya gereji, ataelewa haraka kuliko mimi na wewe: ni dereva aliyekanyaga breki na mafuta kwa wakati mmoja, gari linakwenda mwendo wa kawaida kwa sababu viwili hivyo vinavutana. Ukiiachia breki ghafla, mguu wa mafuta bado uko chini mpaka mwisho. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na ile degedege ya jikoni, vyote vilitoka hapo. Ndiyo maana pombe kidogo ilimtuliza. Jirani yenu hakuwa mchawi, alikuwa amerudisha breki.

Mambo haya yana saa zake. Mtetemo, kichefuchefu na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo, na mumeo ilimkuta humo humo. Kinachotisha zaidi huja baadaye, kati ya siku ya pili na ya nne: mtu anaweweseka, anaona wadudu wakitambaa ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda, presha inapanda, hajui yuko wapi. Sasa fikiria hali hiyo inamkuta kwenye chumba cha nyuma, usiku, mlango umefungwa kwa nje, na walinzi wake wameambiwa wasimsikilize hata akipiga kelele. Wataona anapambana na pombe, kumbe anakufa.

Yule wa Uru simbishii. Wapo wengi wanaoacha ghafla, wakatetemeka siku tatu, wakainuka wazima. Lakini mumeo ameshaonyesha mwili wake uko kundi gani, na kwa kawaida kila mara mtu anapoacha ghafla baada ya kurudia, safari inakuwa nzito kuliko iliyotangulia.

Ndiyo maana nakuomba uipokee kauli yake kwa uzito. Anaposema akiacha atakufa, hatafuti kisingizio. Anasema alichokiona kwa mwili wake mwenyewe. Pengine tangu Kwaresima hakuna mtu aliyemwambia kwamba hofu yake ni ya kweli na kwamba ina tiba. Anza hapo. Chagua saa ya mchana ambayo ametulia, watoto wako shule, shemeji hayupo. Mwambie: "Baba, ulisema ukiacha ghafla utakufa. Nimeuliza, nimeambiwa una haki ya kuogopa. Nimeambiwa pia kuna dawa za kukuvusha zile siku usianguke tena. Twende tukaulize pamoja." Usimtaje baba yake, usimtaje padri, usimhesabie hela alizokunywa. Hizo zina siku yake. Akikataa kwenda kwa ajili ya pombe, mwambie mwende kwa ajili ya miguu inayovimba. Wanaume wengi hukubali kupimwa mguu kabla hawajakubali kuzungumza habari za chupa, na daktari mzuri akiona mguu na macho yale ataifikia pombe mwenyewe.

Na msingoje Desemba. Macho ya njano, miguu kuvimba na kushiba haraka kwa mtu anayekunywa kila siku ni dalili za ini, na ini halingoji Krismasi. Mwende wiki hii. Mko Moshi, mna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na mna KCMC. Wasomaji wa kwingine wanaweza kuanzia hospitali yoyote ya wilaya au ya mkoa. Kwa huduma ya kitengo cha afya ya akili, Dar es Salaam kuna Muhimbili na Dodoma kuna Mirembe. Kenya, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Kwenye meza ya daktari mseme mambo matatu bila kupunguza: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kwamba alipoacha alipata degedege. Hilo la tatu ndilo litakaloamua kama atalazwa au atatibiwa akitokea nyumbani, na mimi kwa hali uliyonieleza natarajia alazwe.

Wodini watampa dawa za jamii ya diazepam na kuzipunguza siku hadi siku kwa muda wa kama wiki moja. Dawa hizo zinashika ile breki taratibu. Tafadhali msiende kununua diazepam famasi mkampimia wenyewe. Ikichanganyika na pombe inaweza kuzima pumzi ya mtu usingizini, na kwa mwenye ini bovu inakaa mwilini muda mrefu. Daktari ndiye anayejua achague ipi na kiasi gani. Watampa pia vitamini B1. Hii nakuomba uikumbuke kwa jina, kwa sababu mnywaji anayekula matonge mawili kwa siku karibu kila mara amepungukiwa nayo, na ikikosekana ubongo unaumia: mtu anapepesuka hata asipokunywa, macho yanacheza, kumbukumbu inapotea na wakati mwingine hairudi. Mnywaji wa namna hiyo akitundikiwa dripu ya glukosi bila B1 anaweza kuharibika zaidi. Ukisema wazi kwamba anakunywa, wauguzi watajua. Ukificha kwa aibu, hawatajua.

Hapa katikati kuna jambo litakalokuuma. Mpaka mtakapomwona daktari, usimwage chupa zake wala kuzificha. Ukifanya hivyo umemwachisha ghafla, sawasawa na kumfungia. Mhimize ale, anywe maji mengi, asiongeze. Lakini gongo kataa kabisa, na hapo uwe mkali. Gongo ya mtu usiyemjua inaweza kuwa na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, kwa kupikwa vibaya au kwa kuongezewa makusudi ili ionekane kali. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa fahamu wa jicho. Mtu anaamka kesho yake anaona ukungu mweupe, tumbo linauma, anahema kwa nguvu, na wengine hawaoni tena. Mwezi Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo Embu na kaunti nyingine, na baadhi ya walionusurika walibaki vipofu. Akilalamika macho baada ya gongo, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye zile "chupa mbili ndogo tu." Tuzipige hesabu. Chupa ya mililita 200 yenye kilevi cha asilimia 35 ina mililita 70 za kilevi kitupu, yaani kama gramu 55. Mbili ni gramu 110. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20. Kwa hiyo mumeo anakunywa sawa na bia tano na nusu kubwa kila siku, Jumapili hadi Jumapili. Udogo wa chupa umewadanganya wengi. Nchi yetu ilipopiga marufuku viroba, pombe kali za vifuko vya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wengi tulifurahi, na sijutii kufurahi. Lakini chupa ndogo zilibaki, na zinaingia mfukoni mwa ovaroli vizuri tu. Na kwamba hayumbi si dalili ya afya, ni dalili kwamba ubongo umeshazoea. Ini halizoei. Linaumia kwa gramu zile zile, ayumbe asiyumbe. Na kila asubuhi baada ya kutoa loki anaingia chini ya gari lililopandishwa kwa jeki.

Ini linaharibika kwa hatua. Kwanza linajaa mafuta, na hapo mtu haumwi popote. Akiacha pombe wiki kadhaa tu, mafuta yanaondoka na ini linarudi. Kisha linavimba, na macho kuwa ya njano huweza kuanzia hapo. Mwisho linajaa makovu na kuwa gumu, hali iitwayo sirosisi. Makovu yale kwa kawaida hayafutiki yakishakuwa mengi. Damu inayokosa njia ndani ya ini gumu inarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, ndiyo unasikia mtu aliamka akatapika damu beseni zima. Maji yanajaa tumboni, ndiyo maana anashiba upesi. Uchafu ambao ini lilipaswa kuuchuja unapanda kichwani, anasinzia mchana, anachanganya majina ya watoto. Sijui mumeo yuko hatua ipi; vipimo vya damu na altrasaundi vitasema. Ninachojua ni kwamba hata mwenye sirosisi akiacha pombe huongeza miaka ambayo asingeipata akiendelea. Msiingie hospitali mkidhani mmechelewa.

Siku hiyo ya vipimo ombeni kipimo cha homa ya ini B na C. Virusi vya B vipo sana Afrika Mashariki, watu wengi wanavyo bila kujua, na ini lenye virusi likipewa pombe linaharibika kwa kasi zaidi na linafika haraka kwenye saratani. Wewe pia upime, kwa sababu virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana na kwa damu. Wenye B wana dawa, na wasio nayo wana chanjo. Watoto wa siku hizi huipata ndani ya chanjo ya Penta, lakini mkubwa wenu angalia kadi yake ya kliniki.

Zile panadol za kila asubuhi na diklofenaki uzipeleke mezani kwa daktari, maboksi yenyewe. Paracetamol kwa mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri inaweza kuliumiza ini hata kwa vidonge ambavyo kwa mtu mwingine vingekuwa salama. Diklofenaki inachubua tumbo na kubebesha figo mzigo, na kama ile mishipa ya koo imeshavimba inaweza kuanzisha kuvuja damu. Mgongo wake upatiwe njia nyingine. Na dawa za miti shamba za kusafisha ini msimpe, nyingine zinalimalizia.

Unga wa wifi, usiutumie. Hujui ni nini, na wifi naye hajui. Zipo dawa za kuwafanya watu wachukie pombe. Mojawapo ni disulfiramu, na hospitali huitoa kwa mgonjwa aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo, na aliyeonywa asiguse kilevi chochote. Mtu aliyewekewa kwa siri akinywa chupa yake ya kawaida, uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inashuka, na mwenye moyo dhaifu anaweza asiamke. Isitoshe dawa hiyo yenyewe inaweza kuliumiza ini. Kama unga ule ndiyo dawa hiyo, utamdhuru mumeo kwa mkono wako ndani ya kikombe cha chai. Kama siyo, basi ni kitu ambacho hakuna ajuaye. Mrudishie wifi kwa upole, au uuchukue mkamwonyeshe daktari. Na fikiria siku atakapogundua. Safari hii ya kuacha pombe inamhitaji akuamini kuliko mtu mwingine yeyote.

Baba mkwe ana hoja moja ya kweli. Mbege ya ndizi na ulezi ina kilevi kidogo kuliko pombe kali, na wazee wengi waliinywa kwa utaratibu, kata (kibuyu cha kunywea) inazunguka, kuna tambiko au harusi au kikao, na kesho yake watu wanarudi shambani. Lakini kilevi kilichomo ni kile kile, na mtu ambaye ubongo wake umeshafungwa na pombe hawezi kukaa na kata moja. Akirudi kwenye mbege leo, ataijaza mpaka ifikie zile gramu 110, kisha arudi kwenye chupa. Kwake yeye hakuna pombe ya nyumbani na pombe ya dukani. Mweleze mzee kwa heshima, au afadhali amweleze shemeji mkubwa. Na muombeni jambo moja ambalo mzee peke yake anaweza kulifanya: siku ya kikao atangaze kwamba mwanawe yuko kwenye dawa, kata ipite bila kusimama mbele yake, na awekewe togwa. Mchagga anayekataa kata mbele ya ukoo anaonekana amewakataa watu. Akilindwa na baba yake hakuna atakayemuuliza.

Nguvu za mashemeji pia usizitupe. Wamekubali kukesha kwa zamu wiki nzima! Waambie zamu hizo zihamie wodini, na baada ya wodi zihamie gereji. Wiki ya hospitali ndiyo sehemu fupi. Miezi inayofuata ndiyo migumu: mteja anayelipa kwa kusema "twende tukapate moja", saa kumi na moja jioni mwili unapodai, kilio cha msibani, hela ya sikukuu. Mmoja awe anapita pale jioni ampeleke nyumbani. Muulizeni daktari kuhusu ushauri nasaha, na kama kuna kikundi cha AA (kikundi cha watu wanaoacha pombe) karibu, watu waliopita njia hiyo hiyo hukaa pamoja na kusaidiana bila malipo. Akirudia kunywa baada ya miezi miwili, msiseme ameshindwa. Hutokea kwa wengi sana. Rudini kwa daktari, na msimwachishe ghafla safari hiyo pia.

Kuhusu wewe. Hukuniuliza, lakini nimesoma katikati ya mistari: huyu mama anahesabu chupa, anaficha unga, anapokea kila ndugu na dawa yake. Kunywa kwake hukukusababisha wewe. Watoto wenu walimwona baba akianguka jikoni? Kama walimwona, wakalishe chini uwaambie baba anaumwa na anatafutiwa tiba. Wakinyimwa maelezo watajitungia ya kwao, na ya mkono wa mtu watakuwa wameshayasikia kwa bibi.

Bia zako mbili za Jumamosi hazifanani na gramu 110 za kila siku, na sitakutisha nazo. Lakini umeuliza ukweli. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Tangu 1988 wakala wake wa utafiti wa saratani ameiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na vile sigara ilivyo. Ni saratani ya mdomo, koo, koo la chakula, ini, utumbo mpana, na kwa sisi wanawake ya titi, ambayo hatari yake huanza kupanda hata kwa kiasi kidogo. Inapanda kidogo kwa anayekunywa kidogo, lakini inapanda. Habari ya wine na moyo ilitokana na tafiti za kulinganisha wanywaji na wasiokunywa, na kati ya hao wasiokunywa walikuwemo walioacha kwa sababu walishaugua. Lazima wanywaji waonekane wazima. Hakuna daktari anayepaswa kukuambia uanze kunywa kwa ajili ya moyo, iwe wine ya Dodoma au ya ng'ambo. Ukiwa na presha punguza zaidi, ukiwa na mimba usiguse. Na kwa miezi hii, mdogo wangu, friji yenu isiwe na chupa hata moja baada ya yeye kutoka hospitali. Hilo nakuomba kwa ajili yake.

Kabla hujafika hospitali lolote linaweza kutokea, kwa hiyo shika hili. Akianguka degedege, mlaze kwa ubavu, ondoa meza na jiko karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, usimmiminie pombe wala maji, tafuteni gari. Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akianza kuongea yasiyoeleweka au kusinzia bila kuamka vizuri, ni usiku huo huo, siyo asubuhi.

Mkishapata majibu ya vipimo niandikie tena, hasa jibu la homa ya ini B, kwa sababu likiwa chanya nitakuwa na mengine ya kukuambia kuhusu wewe na watoto.